Hatua Hamsini za Mama Bomba

Kabla hapajapambazuka, kijiko kilianza kulia ndani ya kikombe. Kililia polepole, kama mkono uliokishika hautaki kuamsha nyumba. Mama Bomba alifumbua macho, na moyo ukamlipuka. Saa ile hakuna anayekoroga chai. Mkwewe alikuwa akikoroga sukari na chumvi kwenye maji yaliyochemshwa, maana mjukuu, binti wa miaka mitatu, alikuwa anaharisha tangu jana jioni.

"Amekunywa?" aliuliza kupitia pazia.

"Anatapika, mama. Kukipambazuka tunampeleka zahanati."

Mama Bomba aligusa ufunguo uliokuwa shingoni mwake. Jina lake lilitokana na ufunguo huo, wa bomba la mkono ambalo kijiji kizima kililitegemea. Siku lilipochimbwa, bwana afya aliwaambia kwamba maji ya ardhini hayakai mahali pamoja. Hutembea kimyakimya huko chini na kubeba yanachokutana nacho. Kwa hiyo choo chochote kiwe hatua hamsini kutoka bombani. Kupima hatua hizo ilikuwa kazi yake.

Akaenda stoo na taa. Nyuma ya debe la unga palikuwa na kichupa chenye dawa ya kupimia uchafu, alichoachiwa na bwana afya baada ya mvua kubwa. Aliambiwa akijaze maji ya bomba, akiache siku tatu penye joto. Maji yakibaki na rangi yake, ashukuru. Yakigeuka meusi, afunge bomba. Leo ilikuwa siku ya tatu.

Kichupa kilikuwa cheusi kama masizi.

Uchafu ule umetoka wapi, hakuwa na haja ya kuuliza. Mwaka jana jirani wa bomba, fundi cherehani, alivunjika nyonga, akawa mtu wa magongo. Aliomba achimbiwe choo karibu na mlango wake, upande wa juu wa bomba. Mama Bomba alikwenda kupima mbele za watu, akamwona fundi ameegemea magongo yake, jasho linamchuruzika. Huruma ikamshika. Siku hiyo alitembea mwendo wa bibi harusi. Alihesabu hamsini kwa sauti na wote wakaitikia, lakini kwa mwendo wake wa kila siku hazikufika hata thelathini.

Wazo likamjia: akimwage. Akisuuze, akijaze maji ya mvua kutoka kwenye pipa, na bwana afya atakuta kichupa kimetakata. Nani atajua? Alikuwa ameshakizibua alipokisikia kijiko kikilia tena. Akakifunga, akakitia mfukoni, akatoka.

Bombani aliwakuta wanawake watatu na ndoo zao. Mmoja wao, mfinyanzi ambaye mdomo wake haukujua likizo, alimtania kwamba amechelewa, bila shaka kapata mume. Mama Bomba alizungusha mnyororo kwenye mkono wa bomba, akabana kufuli. Ndipo akawaonyesha kichupa. Akawaambia wasinywe maji yaliyo nyumbani mpaka yametokota, na kwamba aliyepima choo cha fundi kwa hatua za uongo ni yeye mwenyewe.

Mfinyanzi alishusha ndoo.

"Wangu wawili wanaharisha tangu juzi," alisema. "Nikawachapa, nikidhani wamekula matunda mabichi."

Mama Bomba aliinamisha kichwa, akingoja kofi. Badala yake alisikia ndoo zikikusanywa. Mfinyanzi alikuwa akiwagawia wenzake njia, nani apite nyumba zipi kutoa habari.

"Wewe nenda kwa fundi," akamwambia. "Mimi nitakutukana kesho. Leo sina nafasi."

Fundi alikuwa ameshakaa kwenye cherehani, futi ikining'inia shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho.

"Nilijua," alisema. "Mimi namkatia mtu suruali kwa kumtazama tu, nitashindwa kuona hatua zako? Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Kuanguka njiani ukienda chooni, mtu mzima, ni kilio."

Mama Bomba akamweleza kwamba choo kitafukiwa leo hii, na mwanawe, babaye mjukuu, atachimba kingine mbali, upande wa chini wa bomba, na kufunga kamba kwenye nguzo kutoka mlangoni mpaka huko, ili fundi apate pa kushika. Fundi aliivua futi, akamwekea kiganjani.

"Safari hii pimeni kwa hii. Haina huruma."

Mpaka jioni choo cha zamani kilikuwa kimefukiwa. Lakini bomba lingefungwa muda gani, hakuna aliyejua, na maji yakaanza kufuatwa ng'ambo ya kilima. Kutoka zahanati mkwe alituma ujumbe: watoto watano wamelazwa, wawili wa mfinyanzi wamo. Mjukuu ametundikiwa maji ila bado hajakojoa. Wanangoja.

Mama Bomba alikwenda kumrudishia fundi futi yake kabla ya kushika njia ya zahanati. Alimkuta mlangoni anaijaribu kamba mpya. Tangu habari ya choo ienee, hakuna mteja aliyepita siku nzima.

"Kesho njoo tena," fundi alisema. "Hata ukija kunilaumu, wewe njoo. Uje uniambie mtoto ameamkaje."