Faulo ya Pande Mbili

Usiku wa jana niliota nimeitwa uwanjani kujibu faulo niliyoifanya nikiwa nimekaa jukwaani.

Aliyekuja kuniita ni filimbi. Ilikuwa filimbi ya kawaida ya refa, nyeusi, yenye kamba, ila ilikuwa na kimo changu na ilibisha hodi kabla ya kuingia. Ndani ya koo lake punje ilikuwa inagongagonga, kwa hiyo kila neno lilitoka na kikohozi.

"Wewe ndiye Tumsifu?"

"Ndiye mimi. Karibu ukae."

"Sikai. Nikibanwa napiga kelele. Una faulo."

"Mimi si mchezaji, ndugu yangu. Ni shabiki tu. Tena nimeshahitimu."

"Wote husema hivyo," filimbi ikasema, ikakohoa, ikanishikia mlango.

Nilijua inazungumzia nini. Jumamosi iliyopita timu ya wasichana ya chuo chetu ilitolewa nusu fainali ya mpira wa kikapu kwa pointi moja. Nahodha wetu, Kokusima, aliingia mwenyewe katikati, ilhali mwenzake Asteria alikuwa pembeni peke yake, anapunga mikono yote miwili. Kokusima akagongana na mlinzi. Mpira ukaingia. Refa akakataa kikapu: faulo ya mshambuliaji.

Rafiki yangu Lwitiko aliruka hadi akapoteza kandambili. "Yule mlinzi alikuwa anasogea! Akisogea, kosa ni lake!"

"Alishasimama," nikasema. "Akishasimama, pale ni pake."

Tungeweza kuishia hapo, kama tulivyoishia kila wiki kwa miaka yote ya chuo, halafu tukaenda kula mihogo. Lakini nikaongeza kwamba mtu anayeona kikapu peke yake husahau kuwa ana timu. Lwitiko amepata kazi ya kufundisha huko Mpanda, mbali kabisa. Sisi wawili tulikuwa tumepanga kufungua kituo cha masomo ya ziada hapa hapa Morogoro, na ile kazi aliiomba bila kuniambia. Alijua sizungumzii Kokusima.

"Na wewe," akasema, "utabaki hapa unahesabu faulo za wenzako."

Tangu hapo hatukusemeshana, na siku ya safari yake ikawa imefika. Ndipo filimbi ikaja.

Nje ni mchana. Kila mtu anatembea ndani ya silinda yake. Sheria ya kikapu inasema hewa iliyo juu ya kichwa cha mchezaji ni mali yake na asiingiliwe. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi, lakini sikujua kwamba hewa hiyo inafika mpaka mawinguni, na kwamba ina ukuta unaong'aa kama glasi iliyooshwa. Mama mmoja muuza chapati anapita na yake, imejaa moshi. Mapacha wawili wanasukumana na zao, zinalia kama chupa kwenye kreti.

Kunguru anasimama angani pembeni ya silinda yangu.

"Naomba kupita, kaka."

"Pita."

"Mikono yako umeirudisha ndani?"

"Nimeirudisha."

"Ahsante. Mwenzako amenikatalia. Anasema leo hapokei mtu."

"Mwenzangu nani?"

"Yule wa Mpanda," kunguru akasema, akapita juu ya kichwa changu kwa adabu kubwa.

Nikageuka kuiuliza filimbi kama uwanja bado uko mbali, na tayari tumo uwanjani. Uwanja wenyewe umehamia bwaloni. Mistari imepita chini ya meza, na ringi imefungwa ukutani juu ya sufuria la maharage. Mashabiki wamepanga foleni na sahani zao, wanabishana kama kawaida.

"Mpira wa kikapu ni watu watano, bwana! Watano!"

"Watano ndiyo, lakini mwenye mpira ni mmoja!"

"Ndiyo maana kuna pasi, mzee!"

"Pasi ampe nani, na wewe mwenyewe huna mikono?"

Yule wa mwisho alisema kweli. Aliyeambiwa hakuwa na mikono, na hakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo.

Mpishi anagawa faulo kwa upawa. Kila mtu anapata aliyostahili. Kijana mmoja mnene ana nne kwenye sahani na anazila polepole sana, kwa sababu akiongezwa ya tano lazima atoke, na nje mvua imeanza.

"Na wewe Tumsifu," mpishi ananiambia, "yako ina kesi. Subiri."

Ringi ndiyo inayosikiliza kesi. Imekaa mahali pake pa siku zote, juu, na wavu wake umechanika upande mmoja kama ndevu zilizonyolewa kwa haraka. Lwitiko ameshafika. Amesimama ng'ambo ya bwalo ndani ya silinda yake, ana godoro lililokunjwa na begi la vyombo. Namwita. Ananijibu, naona midomo inacheza, lakini sauti haitoki nje ya ukuta.

"Leteni mashahidi," Ringi ikasema.

Zinaingia raba mbili za yule mlinzi. Zinatembea zenyewe, bila mtu, zinaburuta kamba.

"Jumamosi, wakati wa kugongwa, mlikuwa mmesimama au mlikuwa mnasogea?"

"Nilikuwa nimesimama," raba ya kushoto ikasema. "Kisigino chini, vidole chini."

"Mimi nilikuwa njiani," raba ya kulia ikasema.

"Si mnavaliwa na mtu mmoja?"

"Mmoja, mheshimiwa. Lakini hatuondoki pamoja. Tukiondoka pamoja anaanguka."

Maharage yaliacha kuchemka.

"Tumsifu," Ringi ikaniita. "Siku hiyo ulikaa upande gani?"

"Kushoto, mheshimiwa."

"Na mwenzako?"

"Kulia. Siku zote anakaa kulia, jua lisimpige."

"Basi kila mtu alikuwa anatazama raba yake," Ringi ikasema. "Hiyo tumeimaliza. Sasa ile nyingine."

Mpishi akaja na sinia lenye mabakuli mawili yaliyofunikwa. Nilitambua harufu. Yalikuwa maneno yetu, yangu na ya Lwitiko, na bado yalikuwa ya moto. Alipofunua la kwanza, sauti yangu ikatoka ndani yake ikisema juu ya mtu anayeona kikapu peke yake. Ilikwenda moja kwa moja, ikapasua silinda ya Lwitiko hapo kifuani. Alipofunua la pili, yake nayo ikaja ikapasua yangu. Haikuuma sana. Iliingiza baridi.

"Nani alimgonga mwenzake?" Ringi ikauliza.

Mchezaji muungwana akipigiwa filimbi huinua mkono mwenyewe, refa asihangaike kumtafuta. Nikainua mkono. Ng'ambo, mkono wa Lwitiko nao uko juu. Filimbi ikatakiwa iseme nani alitangulia. Ikatazama marudio, ikakohoa, ikatazama tena, ikasema haijui.

"Faulo ya pande mbili," Ringi ikatangaza. "Kila mmoja atabeba yake. Hakuna mtupo wa adhabu, hakuna pointi kwa yeyote. Mchezo unaendelea kwa aliyekuwa na mpira. Mpira uko wapi?"

Mpira ukaja ukidunda kutoka jikoni, umechoka, ngozi imekwanguka.

"Nilikuwa kwa Tumsifu," ukasema.

"Kwangu mimi?"

"Alhamisi Asteria alikuletea salamu. Alisema Lwitiko anauliza unaendeleaje. Hiyo ilikuwa pasi."

"Nilidhani ni salamu tu."

"Nilikuwa mimi. Umenikalia tangu Alhamisi."

Nikauomba radhi mpira, nikauokota. Ulikuwa na joto la kiti.

Nilipoinua macho, bwalo halipo. Nimesimama nje ya mstari mweupe, na upande wa pili wa mstari kuna barabara ya Mpanda, ndefu, nyekundu, imepigwa na jua. Lwitiko anakwenda zake na godoro kichwani. Silinda yake bado ina ule ufa.

"Sekunde tano," filimbi ikaniambia. "Usipourusha, tunampa mwingine."

"Mwingine nani?"

"Huwa hatuulizi. Moja."

Moja ilikuwa ndefu. Ndani yake masika yalipita na barabara ikaota nyasi. Kati ya mbili na tatu nilinyoa nywele.

"Je, nikiudundisha hapa mwenyewe?" nikauuliza mpira. "Nikajipa pasi, nikaingia?"

"Huwezi. Anayerusha kutoka nje yuko nje. Ukishaniachia, huruhusiwi kunigusa tena mpaka mwingine aniguse kwanza. Husomi sheria?"

"Nasoma. Sikuifikiria hivyo."

"Watu wengi husoma hivyo hivyo."

"Tatu," filimbi ikasema.

"Yeye ana kazi sasa," nikauambia mpira. "Ana maisha yake kule. Huenda hata hageuki."

"Huenda."

"Na asipokudaka?"

"Nitadunda," mpira ukasema. "Nimezoea."

"Nne."

Nikavuta pumzi mpaka silinda yangu ikatanuka. Nikaita jina lake kwa sauti niliyokuwa naitumia kuishangilia timu, ile ambayo walinzi wa chuo walikuwa wakiikataza. Nikaurusha mpira kwa mikono yote miwili. Ulipita kwenye ufa wa silinda yangu, ukapaa juu ya barabara, juu ya nyasi, ukawa mdogo kama chungwa, kama punje. Godoro likaanguka. Lwitiko aligeuka, mikono juu, anarudi kinyumenyume akilikwepa jua lisimpige machoni.

Filimbi ilifungua kinywa kusema tano, nami nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Sikunywa chai. Nilivaa shati nililolikuta juu ya kiti nikaenda stendi kwa miguu, nusu natembea na nusu nakimbia. Nilikuwa nimetunga maneno mengi ya kusema nikifika, na nilipofika yote yalikuwa yamekwisha.

Lwitiko alikuwa amekaa juu ya godoro lake kando ya basi la Mpanda. Aliponiona alisimama.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Hongera ya kazi, Lwitiko. Sikuwa nimekupa."

Akatazama chini, akasugua saruji kwa kandambili. "Nilitakiwa nikwambie mapema, ndugu yangu. Niliogopa utanizuia, na mimi ningekubali." Kisha akasema kwa haraka, kama anayewahi kitu, "Kule kuna shule tatu na hakuna kituo hata kimoja cha masomo ya ziada. Nimeuliza. Tukianzia kule?"

"Tukianzia kule," nikasema, nikanyoosha mkono nimshike wake.

Akaurudisha nyuma. "Aa, usinishike huo, bwana. Unaniuma."

Kidole chake cha kati kilikuwa kimevimba, kimekuwa chekundu kwenye kiungo.

"Umefanya nini?"

"Hata sijui. Nimelala mzima, nimeamka nacho hivi. Kama mtu aliyedaka mpira vibaya."

Kondakta alikuwa anapiga ubavu wa basi, anaita abiria. Nilimsaidia kuinua godoro mpaka juu ya keria.

"Uliurusha juu mno," Lwitiko akasema nyuma yangu, kisha ghafla akakitazama kidole chake.