Tezi Tano

"Tezi kumi na nne zilitolewa kwapani," nesi alisoma, kidole juu ya karatasi. "Tano zimekutwa na saratani. Ndiyo maana uliandikiwa dripu za dawa ya saratani. Mbona umekaa miezi mitatu bila kuja, mama?"

Mama huyo, fundi cherehani, aliitazama ile karatasi. Alikuwa amekuja tu kuuliza kwa nini mkono wake wa kushoto unavimba. "Dada aliniambia titi limetolewa, ugonjwa umekwisha."

"Haujaisha. Ulitoka kwenye titi ukaingia kwenye tezi. Hiyo ni hatua ya tatu, na dawa ndiyo ya kuuwahi kabla haujafika mbali zaidi." Nesi akashusha sauti. "Dada yako alisaini hapa. Alisema atakueleza mwenyewe. Njoo kesho asubuhi upimwe damu, uanze. Na huo mkono uwe unaupima unene kila siku."

Loh! Dada huyo huyo aliyemsomea karatasi, kwa kuwa fundi alijua namba za futi ya kupimia tu, si maandishi. Siku ile alimkumbatia kabisa: "Umepona, mdogo wangu, sasa tushone!" Naye akashona, nguo ya bibi harusi, yaani binti wa dada, na za wapambe sita, huku mkono unamuuma.

Alimkuta dada kwenye kibanda chake cha kushonea, akiipapasa nguo nyeupe. Mkono wa kulia wa nguo ulikuwa tayari. Wa kushoto umeshikizwa kwa pini tu.

"Ulijua?"

Dada akaangalia sakafu. "Harusi ni Jumamosi. Nikasema ukimaliza nitakwambia. Ungeanza dawa ungelala kitandani, nani angeshona? Wewe ndiye unayeujua mwili wa mwanangu."

"Na wangu je, dada?"

"Nisamehe. Nilidhani miezi michache si kitu."

Mtu wa tumbo moja! Angekuwa jirani, fundi angemtukana akapoa. Akachomoa pini moja moja, akazirudisha kwenye kikopo, akakunja ule mkono mweupe na kumkabidhi dada.

"Tafuta fundi mwingine. Mimi kesho nipo hospitali."

"Mdogo wangu, zimebaki siku nne!"

Fundi alichukua futi yake shingoni, akaizungusha kwenye mkono uliovimba, akaisoma. Kisha akaokota chaki na kuandika namba ile mezani, chini ya vipimo vya bibi harusi.