Maua Yaliyokunywa Maji ya Masahani

Jumanne, tarehe kumi na moja ya mwezi wa sita, mwaka wa 2024, saa tatu ya asubuhi, mahindi ya Félicien yalikuwa bado maziwa ndani. Yalibakiza majuma mawili tu yafae kuchomwa. Ndipo watu watano wenye panga wakaingia katika parseli yake, kiwanja cha nyumba yake hapa Bunia, na mbele yao Anselme, shefu wa avenue, mkuu wa mtaa, ameshika karatasi yenye muhuri.

"Papa Orly, usinichukie," Anselme akamwambia Félicien, kwa jina ambalo avenue yote ilimwita. "Ordre imetoka juu. Mahindi imekatazwa mu muji. Wezi wanajificha ndani."

"Wezi gani? Mahindi yangu iko mistari kumi na mbili. Mutu akijificha humo, hata mutoto ataona matako yake!"

Wenye panga wakacheka. Walicheka huku wanakata.

Mahindi mabichi yakikatwa hutoa sauti ya maji. Félicien alisimama mlangoni, akasikia mistari yote kumi na miwili. Walipofika mahali pa kuoshea vyombo, kwenye maua ya mke wake Joséphine, mmoja akainua panga. Anselme akamshika mkono.

"Ile acha. Karatasi inasema mahindi na mutama. Maua inapamba muji."

Yalikuwa yale maua mekundu yenye majani mapana kama ya ndizi, na yalimpita Félicien urefu.

Kwa maua hayo mume na mke walikuwa wamegombana tangu walipokimbia vita upande wa Nizi. Kule walikuwa na shamba ambalo mtu hachoki kulitazama. Hapa walipata parseli ya hatua ishirini. Félicien alikuwa mtu wa nafaka. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini mahindi aliyasoma yote. Alijua kwamba yanataka jua mwili mzima, yanataka nafasi kati ya shina na shina, yanataka palizi mbili, na mvua isikosee siku yanapotoa ndevu. Halafu mwishoni yanataka mvua iende zake, yakauke. Ukichelewa kwa jambo moja, umelima majani.

"Mahindi yako iko sawa na bwana mukubwa," Joséphine alikuwa anamcheka. "Kila kitu kwa saa yake, la sivyo anakasirika. Ua yangu inakunywa maji ya masahani, inashukuru."

"Na sisi tutakula shukrani?"

"Weye kula mahindi. Miye niachie hapa penye matope, mahindi yako yenyewe inapakataa."

Ilikuwa kweli. Pale ambapo matope hayakauki, mahindi yangeoza mizizi. Lakini kila mwaka Félicien alisogeza mstari wake wa mwisho karibu na maua, kidogo kidogo, na kila mwaka Joséphine alimwona.

Baada ya panga, nyumba ilikaa siku tatu na sombe, majani ya muhogo, bila bugali. Siku ya Ijumaa Joséphine akafunga kitenge kiunoni. Wanawake wanne wa avenue walikuwa wanakwenda kuchimba muhogo uliobaki katika mashamba ya zamani, kule walikokimbia vita, na yeye akawa wa tano.

"Nitarudi kesho," alisema. "Maji ya masahani usimwage ovyo. Mimina kwa maua."

Walikwenda watano, wakarudi watatu. Walisema wawili wamezikwa huko huko, haraka, kando ya njia, bila padri. Njia ikafungwa. Hata leo Félicien hajui kaburi la mkewe liko chini ya mti gani.

Wenye bunduki ndio waliomuua, hilo kila mtu alisema. Félicien alikuwa anawahesabia kosa hilo wenye muhuri. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliyetia muhuri ule siku ile alikuwa amekunywa chai.

Mwezi wa saba maua yakaanza kugeuka manjano. Félicien akashtuka, kwa maana kaburi lingine hakuwa nalo. Akamimina bidoni nzima ya maji safi, majani yakazidi kulala. Siku moja akatazama meza ya kukaushia vyombo, akaelewa. Palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja. Maua yale hayakuzoea maji matupu. Yalizoea maji yenye mabaki ya bugali, mafuta ya samaki, majivu ya kusugulia sufuria. Mtu mmoja anayekula mara moja kwa siku hachafui maji ya kutosha maua.

Akachukua beseni, akaenda kwa jirani yake Clarisse, mama wa watoto saba.

"Mama Clarisse, naomba maji ya masahani."

"Eh! Papa Orly! Wengine wanaomba chumvi, weye unaomba uchafu?" Kisha akatazama mahali Félicien alipokuwa anatazama, kicheko kikamwisha. "Leta beseni. Hapa uchafu haitaisha hata siku moja."

Mvua ya mwezi wa nane ilipokuja, njaa ilimshinda Félicien. Akatoboa mashimo kumi katikati ya maua, akatia mbegu ya mahindi na mavi ya mbuzi, ili karatasi isiyaone. Alijua anachofanya ni kosa. Mahindi hayakui kivulini. Yalitoka meupe, membamba kama nyuzi, yakanyoosha shingo kutafuta jua, na majani mapana yakayafunikia mbingu. Ndevu zilitoka kidogo, punje hazikuja. Mavi yote ya mbuzi yaliliwa na maua. Félicien akang'oa mahindi kwa mkono wake, shina kwa shina, na safari hii hapakuwa na wa kumlaumu.

Mwezi wa kumi na moja maua yalifika kwenye mabati. Anselme akapita na bwana mmoja wa ofisi, mwenye koti, wakikagua usafi wa parseli.

"Angalia hii!" bwana akasema. "Parseli ya mufano. Pongezi, muzee. Unaiwekea dawa gani?"

"Maji ya masahani."

Félicien alitenganisha majani kwa mikono miwili, akaingia. Majani yakajifunga nyuma yake. Haikuonekana kofia wala kiatu.

"Muzee?" bwana akaita. "Iko wapi?"

"Munaniona?" sauti ikatoka ndani.

"Hapana."

Anselme aliinamisha kichwa. Clarisse, uani kwake, aliacha kusugua sufuria. Sauti ya Félicien ikatoka tena:

"Basi mwambie bwana, Anselme. Siku ile ya mwezi wa sita, ndani ya mahindi yangu, mulikuta nani?"