Mtu wa Mkiani

Soksi za mwanawe Dancan zilikuwa za buluu, bado zimeshikanishwa kwa uzi wa dukani, na ndani ya ile moja kulikuwa na mwanamume wa plastiki mdogo kama punje ya mahindi. Charity alikuwa amezisukuma hadi chini kabisa ndani ya begi lake la safari, katikati ya leso za mamake. Kila alipopita kando ya begi hilo alihisi kama ameitwa.

Mwanamume huyo alikuwa wa Baba Murad, mzee aliyemhudumia. Mzee alizaliwa Unguja, akaletwa Jeddah akiwa mtoto, akafanya kazi ya ufundi wa ndege mpaka akastaafu. Sebuleni kwake, pale Aziziya, kulikuwa na ndege moja ya mfano: Lankasta, ile ya kuangusha mabomu wakati wa Vita vya Pili. Aliiunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, kwa kibano na gundi, na ndani akaweka wanaume saba aliowachonga na kuwapaka rangi. Kuipangusa ilikuwa kazi ya Charity, kwa brashi ya poda.

"Huyu rubani," mzee alimfundisha. "Huyu msoma ramani. Na huyu wa mkiani yumo peke yake ndani ya kibanda cha vioo, wazi kwa nyuma, na bunduki zake, anatazama walikotoka. Baridi yamla, na hana wa kusema naye ila kwa waya. Wengi wao hawakurudi, mwanangu. Vijana wadogo."

"Na chini, Baba? Hayo mabomu yalikuwa yanaangukia nani?"

"Watu. Wanawake na watoto wao. Nawapenda hawa vijana, na kila nikiwatazama najiuliza kama nafanya vyema."

Mzee alipokuwa akisoma Uingereza alipanga chumba kwa mtu aliyeitwa Norman, ambaye ujanani alikuwa mtu wa mkiani. Norman hakupanda treni ila akae kinyume, uso nyuma. Wanafunzi walikuwa wakimcheka.

Charity alimwelewa Norman. Yeye mwenyewe tangu aje Saudia kufanya kazi za nyumbani maisha yalikuwa yanamsogeza mbele huku macho yakiwa Kitale, kwa mtoto aliyemwacha hajajua kufunga kamba za viatu. Kila Ijumaa alimtumia Dancan sauti, akimsimulia wale saba. Dancan aliuliza maswali ya darasa la pili: huyo wa nyuma anakula nini, akitaka kukojoa je?

Kisha Baba Murad akahitaji kupasuliwa macho Riyadh, na hakukubali kuiacha ndege. "Nikifumbua macho nataka nianze na hiyo," alisema. Charity akaipakata ndani ya boksi lisilo na kifuniko njia nzima. Walipopita Taif gari lilirushwa na tuta, na mtu wa mkiani akabanduka, akaangukia gauni la Charity. Alimfumba kiganjani. Atasema wakisimama.

Waliposimama kujaza mafuta, sauti ya Dancan ilikuwa imeingia kwenye simu. "Mum, niletee huyo wa nyuma tu. Vile viatu ulivyoniahidi sitaki."

"Sawa, baba," Charity akamjibu mwanawe, kabla hajafikiri.

Riyadh walifikia katika nyumba ya kupanga nyuma ya maduka ya Sulimaniyah. Siku alipofunguliwa bandeji, Baba Murad aliomba boksi lake. Charity alipotoka jikoni na chai alimkuta amepiga magoti, anapapasa zulia.

"Nshamdondosha," mzee alisema. "Mikono hii haina maana tena."

Hapo ndipo angesema. Badala yake aliweka sinia chini, akapiga magoti naye, akapapasa zulia, akatafuta chini ya kochi kitu kilichokuwa mfukoni mwake.

Waliporudi Jeddah alimpigia simu Shiro, rafiki yake aliyekaa Bani Malik.

"Ni plastiki, Charity. Mzee atanunua ingine."

"Hakumnunua. Alimchonga."

"Basi rudisha."

"Nirudishe nikisema nini? Madam akisikia, si hiyo viza ya kurudi baada ya likizo ataifuta?"

"Ona sasa," Shiro akacheka. "Wewe hata wizi hujui. Mwizi hujisikia vizuri, angalau siku ya kwanza."

Asubuhi ya safari begi lililetwa sebuleni. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi: mfanyakazi akienda likizo, madam hupekua begi kabla halijatoka mlangoni. Charity alikuwa amelijua hilo wiki nzima, na kwa namna fulani alilingojea. Akikamatwa, yatakuwa yamekwisha.

"Yalla, haya, fungua," alisema madam Samia, binti wa mzee. Charity akavuta zipu.

"Samia, halas, basi," Baba Murad akasema kutoka kitini. "Huyu kanisafisha macho kwa mikono yake. Leo umpekue nguo? Funga."

Samia aliinua mabega, akafunga zipu. Nje dereva alipiga honi.

Charity alisimama na begi mkononi. Mlango ulikuwa wazi. Aliliweka chini, akalifungua mwenyewe, akachimba mpaka kwenye soksi, akamdondosha yule mtu kiganjani mwa mzee.

"Alianguka Taif, Baba. Nikamficha. Nilikuwa nimeshamwahidi mtoto."

Baba Murad alimsogeza karibu na jicho lake jipya. "Nilitambaa," alisema polepole. "Na wewe ukatambaa nami."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikwambia—" Samia alianza.

"Nimesikia uliyoniambia. Gundi imo droo ya chini, Charity. Mikono yangu haiwezi."

Alimbandika kwa kijiti cha meno, huku mzee akipumua begani mwake.

"Uso nyuma," mzee alisema. "Hapo. Usimwachie mpaka akauke."

Wakangoja. Dereva akapiga honi tena.

"Ungeniomba huyu, nisingekupa," Baba Murad alisema. "Sikufichi. Ila mwanao ningemchongea wake."

"Nisamehe, Baba."

"Nenda kamtazame mtoto. Mambo ya kurudi tutaongea kwa simu. Sasa hivi bado nna hasira." Halafu, Charity alipokuwa amefika mlangoni: "Soksi umeziacha."

Ndani ya gari Charity alibonyeza kitufe cha kurekodi, akaachia, akabonyeza tena. "Dancan, yule wa nyuma siji naye. Nilimchukua bila kuuliza mwenyewe, nikamrudisha. Nimekosea kukuahidi kitu cha mtu."

Jibu liliingia alipoanza kuuona uwanja wa ndege.

"Na nilikuwa nimeshaambia Protus wa darasa letu," sauti ya Dancan ilisema, na kilio kikiwa karibu.

"Mwambie Protus yule mtu amerudi kazini. Wenzake walikuwa wanamngoja."

"Na viatu?"

"Viatu pia sina. Ulisema hutaki. Nina soksi."

Alisikia mtoto akivuta kamasi, akifikiri.

"Haya," Dancan akasema. "Wewe kuja tu."