Spika ya Kushoto

Mume wangu alihama upande wake wa kitanda mwezi wa Oktoba, mwaka ule wa mvua za El Niño, na hakunieleza kwa nini. Tangu tuoane yeye alikuwa wa dirishani na mimi wa ukutani. Jioni moja nikaingia chumbani nikamkuta amejilaza chali mahali pangu, blanketi mpaka kidevuni, kama mtu aliyepalipia. Nikauliza kuna nini. Akasema upande ule kuna baridi.

Nilinyamaza, lakini si kwa wema. Mimi nina hasira za karibu. Kwetu Manyatta, huko Embu, shangazi zangu walisema nilizaliwa nikiwa nimekunja uso, na kwamba atakayenioa ajipange. Basi aliyejipanga alikuwa Mwalimu Muthamia, Mmeru mpole wa Kaaga, mtaa wa Meru tulikokuja kuishi. Yeye aliongea Kimeru na mimi Kiembu, na kwa kuwa kila mmoja alimcheka mwenzake akijaribu lugha yake, tukachumbiana kwa Kiswahili na tukabaki nacho. Nyumba yetu ililelewa kwa Kiswahili, pamoja na Makandi, mtoto wetu wa pekee.

Halafu, baada ya miaka yote hiyo, mtu ananihamia kitanda. Wiki ileile aliacha kukaa nami kwenye kochi refu, akahamia kiti cha peke yake, na nilipozungumza aligeuza kichwa pembeni. Aliacha pia kuimba akinyoa ndevu. Mimi nikaona wazi kwamba nimechokwa. Nikajibu kwa njia ninayoijua: sufuria zikalia jikoni, na chai yake ikaanza kufika mezani bila neno.

Nisijifanye simjui. Mwalimu alikuwa amestaafu ualimu, lakini kwaya ya kanisa letu hakuistaafu. Aliiongoza tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mimi nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Meru, na kila niliporudi jioni nilimkuta mbele ya stirio, akisikiliza kaseti ya mazoezi. Stirio hiyo alitununulia Makandi alipopata kazi: amplifaya, deki ya kaseti, na spika mbili ndefu zilizofika kiunoni. Kwenye mazoezi Mwalimu aliweka maikrofoni mbili, moja ikitazama kina mama na nyingine ikitazama wanaume. Nyumbani kina mama walitokea spika ya kushoto, wanaume wa sauti ya tatu na besi wakatokea ya kulia. Akifumba macho, alisema, anawaona wote mahali walipokuwa wamesimama.

Mwezi wa Septemba kina mama wa kwaya walikuja kumshukuru. Mtu anayejua nyumba zetu anajua kwamba kochi lina kitambaa, meza ina kitambaa, hata chupa ya chai ina kofia yake ya uzi. Stirio yetu ilikuwa uchi, na kina mama walikuwa wameliona hilo muda mrefu wakaliumia rohoni. Phyllis, kiongozi wa sauti ya pili, alikuwa ameshona kitambaa cha kroshia mwenyewe, cheupe chenye majani ya kijani pembeni, cha kufunika amplifaya na kuning'inia mbele na nyuma. Tatizo lilikuwa nyaya. Kwa nyuma zilikiinua kikakaa kama sketi iliyopeperushwa na upepo. Mwalimu, ambaye hapendi kitu kilichokaa upande, alizichomoa zile nyaya, akazipitisha kwenye matundu ya kroshia moja moja, akazirudisha mahali pake. Kitambaa kikalala sawasawa. Kina mama wakapiga makofi, na Phyllis akanywa chai mpaka nikachemsha nyingine.

Ni baada ya hapo mume wangu alianza kubadilika. Alianza kuongeza sauti ya stirio, kisha kuipunguza, kisha kukaa tu akiitazama. Siku moja kwenye mazoezi aliwaambia kina mama kwamba hawaimbi, wananong'ona, na Phyllis akarudi nyumbani amefura. Jumatano iliyofuata waliimba kwa hasira mpaka vioo vya kanisa vikatetemeka. Mwalimu akaja na kaseti, akaisikiliza, akaizima katikati. Alipokula chakula alitazama sahani tu.

Mwezi wa Novemba akaniambia mezani, "Jumapili nitampatia Mithika kwaya."

"Mithika? Huyo kijana wa juzi?"

"Ako na masikio mazuri."

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka, Mama Makandi."

Hakusema amechoka na nini. Nilikaa na lile neno siku nzima ofisini, nikakosea barua moja mpaka bosi akaniuliza kama ninaumwa. Nilijua anavyoipenda kwaya. Ikiwa mtu anaweza kuiacha kwaya hivi hivi, kwa sauti ya kuomba chumvi, mimi ningekuwa nani asiniache? Niliogopa, na kwa kuwa sijui kuogopa vizuri, nikakasirika zaidi.

Jumamosi mvua ilipumzika na jua likatoka. Kaaga nzima ikakimbilia beseni, maana ilikuwa wiki ya pili hatujaanika kitu. Nikapita sebuleni nikikusanya vitambaa vya makochi, vya meza, vya dirisha. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake akisikiliza kaseti ya mwisho, kichwa chini. Wanaume wa kwaya walikuwa wakinguruma peke yao, na nikadhani ni sehemu yao ya wimbo. Ustaarabu ulinitaka nimwombe azime. Sikumwomba. Nilienda nyuma ya stirio, nikashika kitambaa cha Phyllis, nikakivuta.

Kina mama wakaingia. Wote kwa pamoja, wazi, kama mtu amewafungulia mlango.

Mwalimu aliruka kutoka kitini. "Mama Makandi! Imefunguka!"

"Nini imefunguka?"

"Sikio! Bwana asifiwe, sikio imefunguka!" Mikono yake ilikuwa juu, machozi yakimtoka, na mimi nimesimama nimeshika kitambaa kama mwendawazimu. Kwa mshangao nikakiachilia.

Kina mama wakapotea. Wakabaki wanaume na ngurumo zao. Mikono ya Mwalimu ilikaa juu kidogo, kisha ikashuka taratibu.

"Imefunga tena," alisema, akaketi.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. "Sikio gani? Kwani uko na shida ya sikio?"

"Hii ya kushoto imekufa." Aliigusa kama anagusa mtoto aliyelala. "Tangu hiyo September. Mara ya kwanza ilikuwa inaenda ikirudi. Sasa imeenda kabisa. Kwa stirio kina mama siwasikii, besi nasikia tu. Kanisani nadhani nawashika na hii ya kulia."

"Na hukuniambia."

"Baba alianza hivi hivi. Ulimjua akiwa mzee. Watu wakiongea, yeye anacheka tu, hata kama ni matanga. Walikuwa wanamwacha nje ya maneno yote. Sikutaka unione hivyo."

Nilimkumbuka baba yake vizuri, na lile tabasamu lake la kumpa kila mtu. Nikauliza swali nililokuwa nalo tangu Oktoba. "Na kitanda?"

Akatazama mikono yake. "Wewe hupenda kuongea ukishalala. Mambo ya ofisi, ya Makandi, na hiyo sauti yako ya chini. Ulikuwa unaangukia kwa sikio mbaya. Nikaona nikihama, utaangukia kwa hii nzuri. Hii ikiisha pia, basi, lakini kwanza nisikie hadithi zako zenye zimebaki."

Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya harusi yetu. Nilitaka pia kumpiga kwa kile kitambaa. Mwezi mzima nimelala nimemgeuzia mgongo mtu aliyehamia ukutani ili anisikie, na yeye akalala pale akingoja nizungumze, nami nimenuna.

Kitambaa. Nilikitazama. Kilikuwa kimerudi kukaa vibaya nyuma ya amplifaya, kimejivuta upande.

"Baba Makandi, kaa hapo hapo," nilisema. Nikarudi nyuma ya stirio, nikakivuta. Kina mama wakaja. Nikaachilia, wakaenda. Nikavuta tena.

"Hiyo sikio yako," nikamwambia, "imefungwa na uzi ya Phyllis ama ni nini?"

Alikuja polepole, asiamini. Lakini mwalimu ni mwalimu: kwanza alizima stima, kisha akapiga magoti na kurunzi. Waya wa deki uliingia kwenye amplifaya kwa pini mbili. Pini nyekundu, ya wanaume, ilikuwa imezama mpaka mwisho, kwa sababu tundu la kroshia alipoipitisha lilikuwa pana. Pini nyeupe, ya kina mama, ilikuwa imepita kwenye tundu jembamba, pale kwenye jani. Uzi ulikuwa umekwama kati ya pini na mahali pake, na pini ikabaki nje kwa nusu ya ukucha, ikicheza kama jino bovu. Kila kitambaa kilipojivuta, waya ulivutika nao.

"Mimi ndiye niliweka hivi," alisema.

"Na tukakupigia makofi," nikasema.

Alitaka kuisukuma tu. Akaisukuma, akawasha, kina mama wakaja, kisha wakapotea kabla ya kufika kwenye kiitikio. Pini ilikuwa imelegea. Kuna kijiti katikati na ukosi wa bati unaokizunguka, na ule ukosi ulikuwa umetanuka kwa kulazimishwa juu ya uzi, sasa haukushika kitu. Nikaleta mkasi nikate lile jani. Akanishika mkono.

"Usikate kazi ya Phyllis. Tayari amenikasirikia."

Basi tukaichomoa pini kupitia tundu lake, polepole, yeye akivuta na mimi nikipanua nyuzi kwa vidole. Kitambaa tukakiweka kochini. Nikafuta pini kwa pamba yenye spiriti. Akachukua koleo akaubana ule ukosi kidogo tu, akaugeuza, akaubana tena, akishikilia pumzi, maana ukizidisha unakatika. Alipoirudisha ilibidi aizungushe ndipo ikaingia, na ilipoingia ilishika. Akavuta waya kwa ncha za vidole. Haukutoka.

Akawasha. Kina mama walikuwa pale, na walikaa.

Nilidhani angefurahi. Alisimama tu akizitazama spika. Nikaelewa, kwa sababu na mimi wazo hilohilo lilikuwa limenijia. Pini ilikuwa mbovu, ndiyo. Hiyo haikumaanisha sikio ni zima. Mwezi mzima amelihesabu limekufa, na baba yake alikufa kiziwi.

"Ziba hiyo ya kulia," nilimwambia.

"Wacha tu. Tumeshatengeneza."

"Muthamia. Ziba."

Aliketi kwenye kochi refu. Kidole chake kilifika karibu na sikio kikasimama. Kisha akakiingiza na kufumba macho. Mimi nilisimama kando yake upande wa kushoto nikiwa nimeshikilia chupa ya spiriti, nikiomba kwa Kiembu, maana nikiogopa sana Kiswahili hunikimbia. Uso wake haukusema lolote. Ubeti wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza. Kaka zetu wa besi wakanyamaza, wakabaki kina mama peke yao.

Akakunja uso.

"Phyllis anashuka," alisema.

"Nini?"

"Hapo. Sikia. Anashuka nusu noti, na wengine wanamfuata tu kama kondoo." Machozi yalikuwa yakimteremka na alikuwa amekasirika kweli kweli, hasira ya mwongoza kwaya. "Nimewaambia mara ngapi hapo wapande! Mithika atangoja. Hawezi kupewa watu wanashuka hivi."

Nikacheka, kisha kicheko kikageuka kitu kingine. Nikaiweka ile chupa chini. Kaseti ilikuwa inaendelea, wanaume wamerudi kwa nguvu, na yeye bado ameziba sikio la kulia kana kwamba amelisahau. Nikainama kwenye lile la kushoto. Nikasema kwa ile sauti ya chini, ya kitandani, ambayo hata mimi niliisikia kwa shida.

"Nilifikiria umenichoka."

Hakufungua macho wala hakutoa kidole.

"Rudia," alisema.

"Hukusikia?"

"Nimesikia yote. Rudia ndio nikukatalie vizuri."

Nikakaa kando yake kwenye kochi refu, upande uleule, nikarudia. Naye akanikatalia, akiniita kwa jina langu, Wambeti, na si Mama Makandi, mpaka kaseti ikafika mwisho.