Jiwe Chini ya Ulimi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kwenye usaili. Ile nafasi ya mafunzo ya utafiti niliyoiomba, ya kuchunguza kwa nini vijana wa mitaa yetu hupigana. Moyo ulinidunda kama ngoma ya harusi. Mimi Zipora, msusi wa Bondeni, umbea ndiyo digrii yangu, leo niitwe mtafiti!

Mwenyekiti wa jopo alikuwa chupa ya chai. Nikaisalimu kwa heshima, nimelelewa mimi. Ikaitikia, mvuke ukatoka.

"Sheria yetu ni moja," ikasema. "Siri ya mhojiwa inakaa kinywani mwako. Ikitoka, nafasi umeikosa, na vijana watarudi uwanjani na mapanga."

Nikaapa. Mlango ukafunguka, mhojiwa akaingia: jiwe. Nililitambua papo hapo. Ndilo lililompasua kichwa fundi baiskeli siku vijana wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walipovaana. Mtaa mzima hauongei jingine: nani alilirusha?

Nalikaribisha kitini. Linakataa. Linasema limeketi barabarani miaka yote, leo lingependa kusimama.

"Aliyenirusha hakutaka nimfikie mtu," likasema. "Tangu siku ile chakula hakimshuki. Na wewe unamfahamu, dada."

Likanitajia jina. Mtanisamehe, silitaji.

Lakini lilikuwa jina tamu, jamani. Kabla sijameza mate, jiwe likarukia kinywani mwangu, likajikunyata chini ya ulimi, la moto kama kiazi kilichotoka majivuni.

Kufumba na kufumbua, ofisi imekuwa saluni yangu. Wateja wamefurika hadi mlangoni, kama ninavyopenda. Mama yangu ameketi mbele, kichwa kimesukwa nusu.

"Zipora, mimi ndiye niliyekuzaa. Nani?"

Nasuka. Mama Tumaini, mteja wangu wa kila Jumamosi, ananichokoza kwamba siku hizi nimekuwa bibi harusi, siongei mbele za watu. Hata kitana kinanisihi, kinanikumbusha mimi nacho tumetoka mbali. Mashavu yanataka kupasuka. Machozi yananitiririka. Nasuka tu.

Chupa ya chai ikachungulia dirishani.

"Nafasi umepata," ikasema. "Uje na kikombe chako."

Nilitaka kupiga kigelegele, nikakumbuka nilichobeba mdomoni. Nikaamka.

Kumekucha. Mama alikuwa akikoroga uji, akaniuliza kama kila asubuhi, mtaani kuna habari gani. Nikatikisa kichwa: hakuna. Akaacha mwiko ndani ya sufuria, akaja kunishika paji la uso aone kama nina homa. Kisha akatoka kwenda kumwita jirani.

Alipotoka tu, nikatema kiganjani. Kijiwe, kidogo kama punje ya mahindi.

Kilikuwa bado cha moto.