Mwisho Alionisomea Wifi

Kwenye kikundi chetu cha kusoma, aliyechagua kitabu cha mwezi ndiye anayefungua mjadala, tena anafungua kwa kusimulia mwisho. Mkutubi aliweka sheria hiyo kuwakomesha wanaosoma kurasa mbili tatu za mwanzo halafu wanakuja kutupigia domo. "Anzia mwisho," husema, "tujue kama umefika."

Mimi nilikuwa nafika kwa masikio. Macho yangu yamefifia mpaka miwani imebaki pambo, na aliyejua ni wifi yangu peke yake, dada wa mume wangu, tunayeshona naye chumba kimoja. Yeye ndiye aliyenitilia uzi kwenye sindano, na jioni alinisomea huku mimi napiga pasi. Wengine sikuwaambia. Nani atampelekea kitambaa chake fundi asiyeona mshono? Nusu ya kikundi ni wateja wangu, na mwalimu mkuu alikuwa ameniahidi sare za shule nzima.

Mwezi huu zamu ilikuwa yangu. Nilichagua riwaya ya mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda kufanya kazi mgodini. Wifi alipofika ukurasa wa mwisho, sauti ilimtetemeka: mwana amerudi, amegonga mlango, mama amefungua. Nililia hadi nikaunguza kola ya shati la mtu.

"Wifi, mwenye shati tutamwambia umelilia kitabu?" akanitania, na tukacheka sote wawili.

Jumamosi tukakaa kwenye meza ndefu ya maktaba, wifi mbele yangu. Nikausimulia ule mlango kwa mbwembwe zangu zote.

"Mlango gani?" akauliza mwalimu mkuu. "Si mama aliletewa nguo tu? Mtoto alifia mgodini."

Mkutubi akanisogezea kitabu taratibu. "Labda mimi ndiye nimesahau. Hebu tusomee ukurasa wa mwisho."

Nikakishika. Ukurasa wote ulikuwa ukungu. Nikainua uso kumwelekea wifi, nikingoja aniokoe kama alivyozoea. Hata hapo, mjinga mimi, nilidhani alinionea huruma akanitungia mwisho mwema.

"Wifi, waambie tu," akasema kwa ile sauti laini ya kunisomea. "Huoni. Siku nyingi huoni, mimi ndiye ninayekusomea. Mwalimu, sare zako zisikutie wasiwasi. Nimeshapata chumba changu karibu na shule, nitazishona mimi."

Ameshapata chumba. Kumbe wakati nalilia ule mlango, yeye ufunguo wake ulikuwa mkobani. Iliniuma vibaya mno.

Mwalimu mkuu akakohoa. "Basi tutaongea," akasema, na hakuwa anasema na mimi.

Tulipotoka nilisimama juu ya ngazi za maktaba, nikizitafuta kwa unyayo. Wenzangu walipita wakiniaga kwa sauti ya juu, utadhani nimekuwa kiziwi pia. Kisha mkono ukanishika kiwiko, na niliujua kabla mwenyewe hajasema neno: ndio ulionitilia uzi siku zote. Nilitamani kuusukuma. Lakini ngazi zilikuwa nyingi, na sikuiona hata moja. Nikaushika, tukashuka.